Mistari ndani ya madigadi: gurudumu la nyuma lilivyonipeleka Njiru kumtafuta mume wangu

Wakuu, salamu zenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi humu ndani husoma tu, siandiki. Leo naandika. Nitakayosema ni yale niliyoyaona na kuyashika kwa mkono, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona. Sitaki mtu aje aseme huyu bibi anatunga.

Wanaosoma mbio mbio wapunguze mwendo. Sitarudia.

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa mtaa wa Tena, Nairobi. Ndiyo, mwanamke, na ndiyo, nina wajukuu. Kibanda ni cha mume wangu, Nzioka, na kazi yote ninayoijua ni yeye aliyenifunza. Nilikuwa nauza ndizi hapo kando yake. Nikaanza kumshikia gurudumu, nikaanza kukaza nati, mwisho wateja wakifika wanauliza, "Mama yuko?"

Kwanza lazima niwaeleze gurudumu la nyuma linavyotoka, la sivyo hamtaelewa kilichonipata.

Nazungumzia ile baiskeli nyeusi nzito ya karia, Black Mamba. La mbele hata mtu asiye fundi atalitoa. La nyuma, kama baiskeli ina madigadi zake, yale mabati ya kukinga tope, ndilo linaonyesha fundi ni nani.

Unaipindua baiskeli isimame kwa kiti na usukani. Unalegeza nati mbili za ekseli. Hapo hapo kwenye ekseli ndipo imeshikwa miguu ya madigadi, zile waya zinazoizuia isicheze, pamoja na miguu ya karia. Unatoa zote, na washa, zile pete bapa za nati, unazipanga chini vile zilivyotoka. Ukichanganya washa, madigadi itakaa upande, itasugua tairi, na mwenye baiskeli atakurudia na maneno.

Kisha unatoa cheni. Sasa gurudumu linatakiwa lirudi nyuma ndiyo litoke, na huko nyuma ndiko madigadi imeziba. Shida iko hapo. Mkono mmoja unavuta madigadi, mwingine unavuta gurudumu, na wa tatu hauna. Ukiachilia katikati, madigadi inapinda na gurudumu linakwama nusu ndani nusu nje.

Vijana wanakata madigadi wanatupa, wanasema ni za wazee. Mvua ikinyesha utawajua kwa tope mgongoni.

Sasa nisikilizeni hapa.

Nzioka alikuwa na tabia yake. Kila akitoa gurudumu la nyuma, kabla hajalirudisha, alikuwa anapangusa tope ndani ya madigadi na kuchora mstari mmoja, huko ndani kabisa, karibu na breki. Kila gurudumu likitoka, mstari. Mwenye baiskeli hajui. Hauonekani mpaka gurudumu litoke.

Nilimuuliza mara moja, unahesabu nini?

Akasema, "Nataka nikiifungua tena nijue mimi na hii baiskeli tumekutana mara ngapi."

Mistari yake ilikuwa haifanani na ya mtu mwingine. Inashuka moja kwa moja, na ikifika mwisho inajikunja kidogo kama ndoano. Kidole gumba chake cha kushoto, na ndio mkono aliochorea, kilikatwa ncha na cheni zamani, na mimi siku zote nilijua ile ndoano inatokana na hicho kidole. Mimi huchora kwa msumari. Wangu hunyooka.

Shikeni hilo.

Miaka mitano iliyopita, asubuhi, Nzioka alichukua mkoba wake wa spana akasema anaenda Njiru kuangalia gurudumu la mteja ambaye hawezi kuileta baiskeli. Simu aliiacha kwenye chaji. Kitambulisho hakuwa anatembea nacho, alisema kinachanika. Akanywa chai, akafunga kamba za viatu, akaenda.

Hakurudi.

Sitawaeleza yote ya hiyo miaka. Polisi, hospitali, mochari za mjini, picha kwenye nguzo za stima. Kuna watu walinipigia simu wakasema wamemwona Mombasa, wamemwona Kitui, ana ndevu, hana ndevu. Nilienda kote.

Kaka yake mdogo, Muthama, anakaa kwetu Makueni. Kila mwaka alikuwa ananiambia ukoo unataka kufanya ibada ya kumuaga, waweke jiwe lenye jina lake shambani, watu wapumzike. Na kila mwaka nilikuwa nakataa.

"Shemeji," aliniambia mwaka huu, "tumengoja vya kutosha. Agosti tunafanya, uwepo usiwepo. Nipe neno lako kabla mwezi huu haujaisha."

Nikamwambia, "Siwezi kuaga mtu ambaye hajaniambia anaenda."

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Nina wiki tatu za kusema mume wangu yuko hai au amekufa, na sina hata uzi wa kushika.

Wiki hiyo hiyo ndipo Bakari akaja.

Bakari ni mtu mzima, ana watoto wawili. Shangazi yake anapika mahamri na mikate, yeye anasambaza kwa baiskeli madukani, kuanzia huku kwetu mpaka Njiru. Ni mteja mpya. Ana mdomo mwingi, lakini salamu haachi, na huniita Shosho, yaani bibi.

"Shosho, tairi ya nyuma imechoka. Nibadilishie nisije nikamwaga mikate ya watu."

Nikaipindua. Nati, washa, miguu ya madigadi, cheni. Nikavuta, likatoka. Ilikuwa mvua zile za kila siku na ndani ya madigadi kulikuwa na tope jeusi limekauka kama keki. Nikalikwangua kwa kijiti, nikapangusa kwa kitambaa.

Mistari miwili.

Yote imejikunja mwisho kama ndoano.

Wakuu, nilikuwa nimechuchumaa na nikabaki hivyo hivyo. Kulikuwa na jua la saa tano, watu wanapita, redio ya kinyozi inaimba. Na mimi mikono imekuwa baridi kama nimeitia kwenye ndoo ya barafu.

Nikajiambia, ni baiskeli ya zamani, Nzioka aliifungua kabla hajapotea. Nikageuza madigadi nikaitazama vizuri. Rangi inang'aa. Haina hata kutu.

"Bakari, hii madigadi umeinunua lini?"

"Baada ya Idd, Shosho. Mpya kabisa. Kwani imepinda?"

"Nani ametoa hili gurudumu tangu uinunue?"

"Ni Njiru tu, mara moja. Nilipata pancha huko karibu na machimbo ya mawe. Kuna fundi ana kibanda cha mabati. Haongei huyo. Kwani ameharibu?"

"Mara moja au mara mbili?"

"Mara moja. Shosho, mbona unaniangalia kama nimekuibia kuku?"

Nikamrudishia gurudumu. Siku hiyo nilichanganya washa, jambo ambalo sijalifanya kwa miaka. Madigadi ikasugua, nikafungua tena, nikarudia. Bakari akasema ananiombea. Nikamwambia ajiombee yeye.

Kesho yake nikafunga kibanda nikaenda Njiru.

Machimbo yenyewe ni shimo kubwa, wamechimba mawe ya kujengea mpaka ardhi imekwisha. Siku hizi kazi ni kidogo. Kando ya njia kuna mama mmoja anauza sukuma wiki na nyanya, na mbele yake kidogo kibanda cha mabati.

Niliona baiskeli imepinduliwa. Nikaharakisha.

Nilipofika hapakuwa na mtu.

Lakini gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka. Peke yake. Tik, tik, tik, tik, ile sauti ya friwili, meno ya nyuma ya cheni, linapunguza mwendo, linapunguza, likasimama.

Kulikuwa na karai la maji ya kutafutia pancha, na maji yalikuwa bado yanacheza.

Nikaita, "Nzioka."

Upepo wa pale machimboni una sauti yake, unapita kwenye mawe kama mtu anavuta pumzi. Nikaangalia chini. Spana zimepangwa juu ya gunia, ndogo kushoto, kubwa kulia, vichwa vimeangalia mlango. Ndivyo alivyokuwa anazipanga. Mafundi wote ninaowajua wanazitupa kwenye debe.

Nikamwendea yule mama wa mboga.

"Fundi yuko wapi?"

"Ametoka tu, mama. Si alikuwa hapo sasa hivi?"

"Ameenda upande gani?"

"Sikuona. Niliinama kidogo."

Nikakaa mpaka saa tisa. Hakurudi. Mwenye baiskeli alikuja akaichukua ikiwa hivyo hivyo, akilalamika.

Nilirudi siku ya tatu. Nikakuta kikombe cha chai juu ya jiwe kinatoa moshi, na kiti cha kukalia kina joto. Nilikigusa, ndiyo maana nasema. Mtu hakuna. Yule mama wa mboga akaniambia neno lililonisumbua.

"Huyu mtu huwa hatoki hapa hata kwenda kula," alisema. "Ni wewe tu. Wewe ukitokea pale kwenye kona, yeye hayupo."

Ngoja nikatie jiko mkaa, narudi.

Haya.

Mjue mimi si mtu wa kuogopa ogopa. Nimekaa Eastlands miaka arobaini na kitu. Lakini wiki hiyo nilikuwa nimekaa kibandani kwangu mchana kweupe, na kila friwili ikilia tik tik tik barabarani nashtuka kama naitwa. Nilianza kufikiria mambo ambayo kanisani hawataki tuyafikirie. Kama yuko hai, kwa nini ananikimbia? Na kama hayuko hai, ni nani anayezungusha gurudumu?

Nikaamua kumuuliza.

Bakari alipopita nikamwambia alete baiskeli. Nikatoa gurudumu la nyuma, na kwa msumari wangu, pembeni ya ile mistari miwili, nikaandika kwa herufi kubwa: NZIOKA NI WEWE.

Nikalirudisha. Nikamwambia, "Ukienda Njiru, mpe yule fundi alitoe, aangalie kama ekseli imekaa sawa."

Bakari akacheka. "Shosho, unanituma kwa mshindani wako?"

"Nenda ufanye ulivyoambiwa."

"Sawa, mkubwa."

Alirudi baada ya siku nne. Nilimpokonya baiskeli mkononi. Nikaipindua, nati, washa, miguu, cheni, nikavuta.

Mstari mmoja mpya umeongezeka, na ndoano yake.

Na chini ya maneno yangu, neno moja: USIJE.

Nilifurahi, wakuu. Nitasema ukweli wangu wote hapa. Nilifurahi sana. Ananijibu, yuko, ana hasira na mimi au ana aibu au ana mke mwingine huko, lolote liwe, yuko. Nilishika simu nimpigie Muthama nimwambie jiwe lake akalijengee nyumba ya kuku.

Nilikuwa nimeshabonyeza namba yake ndipo nikakumbuka.

Nzioka hajui kuandika.

Hakuingia darasani hata siku moja. Mimi nilifika la tatu, na ni mimi niliyekuwa namsomea hata ujumbe wa simu. Jina lake mwenyewe alikuwa analiwekea kidole. Nilimwandikia barua mtu ambaye hangeweza kuisoma, na sikukumbuka, kwa sababu moyo ukitaka kitu unasahau hata mwenye huo moyo aliolewa na nani.

Nikakata simu.

Basi mistari ni ya Nzioka na neno ni la mtu mwingine. Au neno ni la mtu mwingine na mistari pia ni yake. Hilo la pili lilinitia baridi kuliko yote, kwa sababu mkono wa mume wangu naujua, na nilikuwa nauona pale kwenye chuma.

Nilikaa nikafikiria kazi. Si majini wala mapepo, kazi. Nikajiuliza, fundi anayetaka kukimbia, ni wakati gani hawezi?

Nyinyi mliosoma vizuri mnajua jibu.

Siku iliyofuata nilimwambia Bakari atangulie na baiskeli, ampe fundi alitoe gurudumu, amwambie linacheza. Mimi sikupita kwenye kona. Niliingia kwa nyuma, kwa njia ya wapasua mawe, kando ya shimo. Nilivua viatu. Mawe yale yana joto mchana na yanakata, lakini hayapigi kelele chini ya mguu mtupu.

Nikajibanza nyuma ya bati. Namsikia Bakari anaongea peke yake, anaongea mahamri, anaongea bei ya unga, na fundi hajibu hata moja. Mimi nasikiliza mikono. Nati ya kwanza. Nati ya pili. Washa, ting, ting, juu ya jiwe. Miguu ya karia. Miguu ya madigadi. Cheni imetoka. Sasa kimya kidogo, anashika madigadi kwa kushoto. Sasa anavuta.

Nikatoka.

Gurudumu lilikuwa nusu ndani nusu nje. Mikono yote miwili imejaa. Aliniona, akataka kuachilia, madigadi ikaanza kurudi, akaishika tena. Ni fundi. Hawezi kuacha kazi ya mtu ipinde.

Hakuwa Nzioka.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mweusi wa jua. Na nilimjua. Anaitwa Kilonzo. Alikuwa mpasua mawe, na miaka ya nyuma alikuwa analeta baiskeli yake kwetu Tena. Amekalia benchi yangu. Amekula ndizi zangu.

"Mama Mueni," akasema. Mueni ni binti yangu wa kwanza.

"Vuta gurudumu," nikamwambia.

Nikaishika ile madigadi. Akavuta, likatoka.

"Lirudishe," nikasema.

Tukalirudisha pamoja. Mimi navuta madigadi, yeye anaingiza gurudumu. Cheni kwenye meno. Ekseli kwenye nafasi yake. Miguu ya madigadi, miguu ya karia, washa, nati. Akaweka kidole huku na kidole huku kuona kama tairi imekaa katikati. Alikaza kidogo kulia, kidogo kushoto, kidogo kulia, vile inavyotakiwa. Akalizungusha. Halikusugua popote.

Kabla ya kulirudisha alikuwa ameinua kitu kutoka kwenye gunia, akasita, akaniangalia, akakirudisha. Nilikiona.

Tulipomaliza nikamwambia, "Sasa sema."

Akakaa chini.

Alisema siku ile, miaka mitano nyuma, Nzioka alipita hapo machimboni kwenda kwa yule mteja. Kilonzo alimkuta ameketi ameegemea mawe, mkoba uko mapajani, mkono kifuani. Akamuuliza, mzee vipi? Nzioka akaomba maji. Kilonzo akaenda mpaka kwa tangi la wapasua mawe.

"Niliporudi alikuwa amekaa vile vile," alisema. "Macho yanaangalia barabara. Nikamwekea kikombe mdomoni, maji yakamwagika."

"Alisema nini kabla?"

"Maji tu, Mama Mueni. Nisikudanganye. Aliomba maji tu."

Polisi walikuja wakamchukua. Hakuwa na kitambulisho, hakuwa na simu. Wakawauliza wapasua mawe ni nani anamjua. Kilonzo alikuwa amesimama hapo na mkoba amekwisha kuuweka nyuma ya mawe. Akasema hamjui.

"Nilidhani nitakuletea jioni," akasema. "Halafu mtu akaja na pancha, nikasema nitumie spana mara moja tu. Kesho yake machimbo yakafungwa, sikuwa na kazi. Halafu nikaona picha yake kwenye nguzo. Kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana."

Nikamuuliza, "Na mistari?"

Hapo ndipo alipoangalia chini.

"Nilimwona akichora, nikiwa nimekaa kwenye benchi yako. Niliona nikiacha kuichora nitakuwa nimemwibia. Nikichora, ni kama kazi bado ni yake, mimi nashika tu. Lile neno USIJE niliandika kwa aibu."

Sikumpiga. Sikulia. Watu wa hapo wanaweza kuwaambia.

Nilisema, "Nipe ile uliyoinua."

Ilikuwa spoki ya zamani, waya wa gurudumu, imeisha, kile kiwiko cha juu kimenolewa kwa jiwe. Ilikuwa ya Nzioka. Kulikuwa na kipande cha madigadi kuukuu kimelala hapo nje. Nikakishika, nikaweka spoki, nikachora mstari.

Nilivuta sawa sawa. Mkono wangu haujakatwa kidole. Lakini ukifika mwisho kile kiwiko kinajigeuza chenyewe, hukizuii.

Ikatoka ndoano.

Nikachora tena. Ndoano. Mara ya tatu. Ndoano.

Miaka yote nilidhani ni mkono wake. Ilikuwa ni kifaa. Mtu yeyote angeshika kile chuma angeandika kama mume wangu. Pale ndipo Nzioka alipokufa, wakuu, pale mkononi mwangu, saa saba mchana, na Bakari amesimama na mikate yake.

Kuna jambo moja ambalo nitaliweka hapa kwa sababu niliahidi ukweli. Nilimuuliza Kilonzo, siku ya kwanza Bakari alipokuja na pancha, ulichora mistari mingapi? Akasema mmoja. Nikamwambia nilikuta miwili. Akaapa mmoja, kwa sababu yeye hachori zaidi ya mmoja kwa gurudumu moja. Bakari naye anashikilia lilitolewa mara moja tu. Madigadi ilikuwa mpya. Na spoki hii haikuwahi kutoka nje ya kile kibanda.

Labda Kilonzo alisahau. Labda Bakari alisahau. Mimi sikuona, na nilisema pale ambapo sikuona nitasema.

Nilimpigia Muthama nikiwa bado njiani.

"Fanyeni," nikamwambia.

Akauliza, "Umeamua, shemeji?"

"Sijaamua. Nimejua."

Alikuja Nairobi keshokutwa yake. Kilonzo alitupeleka kwenye kituo cha polisi mwenyewe, akasema tena mbele yao aliyoniambia. Tukaelekezwa mochari moja ya mbali, upande ambao miaka ile sikufika kwa sababu sikudhani angepelekwa huko. Wakafungua kitabu. Mwanamume asiyejulikana, mzee, ametolewa Njiru. Kidole gumba cha kushoto hakina ncha. Alikuwa amezikwa kwenye makaburi ya umma, wakatuonyesha namba.

Hakuna jiwe lililowekwa shambani. Ibada tuliifanya pale pale alipo, katikati ya makaburi ya watu wengine wasiojulikana. Muthama alitaka ahamishwe apelekwe nyumbani. Nimesema tutangoja mwaka. Kwanza nataka nikae naye kidogo huku mjini.

Spana nilichukua zote, na mkoba. Kuna wenye roho nzuri watakaosema ningemwachia Kilonzo, ana watoto. Hapana. Akanunue zake. Nilimwambia akishanunua aje Tena, siku za kazi nyingi kuna nafasi kwenye benchi. Kama atakuja ni shauri lake.

Sasa funzo, maana najua mnangoja.

Tembeeni na vitambulisho. Na nyinyi wazee msiojua kuandika, mwambieni mtu awaandikie jina na namba ya nyumbani kwenye karatasi, muweke mfukoni. Ni kazi ya dakika moja. Ingeniondolea miaka mitano.

Na mtu aliyekaa na kitu cha mtu, kama uko humu ndani unasoma, peleka. Usingoje kwanza upate maneno mazuri. Kilonzo alingoja maneno mazuri. Mimi sikuhitaji maneno yake. Angegonga tu, aweke mkoba mlangoni, hata akimbie. Ningeelewa.

Wenye swali waulize. Mafundi mnaojua spoki na madigadi kuliko mimi, mnisahihishe. Na kama kuna mwenye mtu aliyetoka asubuhi akiwa mzima na hajarudi, niandikie hapa chini alitoka mtaa gani na alikuwa amevaa nini. Nimezunguka mochari nyingi mwaka huu na mwaka ule. Vitabu vyao sasa najua kuvisoma.